Kipimo cha saratani kimfuate mama mtaani

KILA Januari, mwezi wa kuhamasisha umma kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, akina mama huhimizwa wajitokeze kupimwa. Wito huo ni mwema, lakini kwa mkazi wa Mathare, Kibera au Mukuru hautoshi.

Mwanamke anayefua nguo za watu au kuuza mboga kando ya barabara hula jasho la siku hiyo. Asubuhi akipanga foleni kliniki, jioni watoto watalala njaa. Kudai kwamba hajali afya yake ni kumwonea.

Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa mnamo 2020, wanawake 5,236 nchini walipatikana na saratani hii, nao 3,211 wakafariki. Hao ni takriban tisa kila siku.

La kusikitisha zaidi ni kwamba vifo hivi vinaweza kuepukwa. Virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kupitia ngono, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kusababisha saratani. Ni kwa wenye kinga dhaifu, hasa wanaoishi na virusi vya Ukimwi bila matibabu, ambapo muda huo hupungua hadi miaka mitano au 10.

Kipimo chenyewe si cha gharama kubwa. Muuguzi hupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi na kutazama ikiwa kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Matokeo hutolewa papo hapo, na mara nyingi sehemu hiyo yaweza kutibiwa siku iyo hiyo kwa baridi kali au joto kabla haijawa saratani.

Licha ya hayo, utafiti wa kitaifa wa 2015 ulibaini kuwa ni takriban mwanamke mmoja tu kati ya sita wa umri wa miaka 30 hadi 49 aliyewahi kupimwa.

Chanjo iliyoanza kutolewa kwa wasichana wa miaka 10 mnamo 2019 itawafaa mabinti. Haiwezi kuwaponya mama zao ambao tayari wameambukizwa.

Serikali za kaunti, zenye jukumu la kusimamia zahanati, hazina budi kutoa huduma hii jioni na Jumapili. Wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 tayari hutembea nyumba kwa nyumba. Wakabidhiwe vifaa vya kumwezesha mwanamke kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo litakalompunguzia pia aibu.

Muhimu zaidi, anayepatikana na dalili atibiwe siku hiyo inapowezekana. Akiambiwa arudi wiki ijayo, atakuwa ametakiwa kupoteza kibarua mara ya pili, na wengi hawatarudi.

Wahenga walinena kuwa kinga ni bora kuliko tiba. Lakini mwenye njaa hawezi kuinunua kinga hiyo kwa chakula cha wanawe.