Msongamano wa Eldoret hauna mlima wa kushuka

Leo nina ubishi na waandishi wenzangu wa programu.

Kuna imani imetukaa vichwani kwamba kila tatizo ni la kutafuta namba ndogo kabisa. Unaandika fomula moja ya hasara, unaita maktaba ya Python, gradienti inashuka mlima hatua kwa hatua, ikifika bondeni umemaliza kazi. Msongamano wa magari? Punguza jumla ya dakika. Ukiuliza "dakika za nani?" unaambiwa hayo ni maswali ya chuo, hayalipi kodi ya nyumba.

Mimi nasema imani hii ni mbovu, na hapa kwetu itatugharimu. Tangu Agosti 15, 2024, Eldoret ni jiji. Jiji linahitaji modeli za trafiki, na atakayeziandika ni mimi au wewe. Tukikosea, barabara itajengwa pasipofaa, na lami haina kitufe cha kurudisha nyuma.

Anza na kitu ambacho abiria yeyote wa Munyaka anakijua. Matatu ikitoka upande wetu ikitaka kuingia Uganda Road, inasubiri malori yanayoelekea Malaba. Lori moja likiongezeka, matatu inachelewa. Matatu moja ikiongezeka, lori halichelewi kiasi hicho. Liko barabara kuu, linapita zake.

Jambo dogo hilo, lakini linavunja hesabu nzima. Ili muda wa safari wa kila njia uwe mteremko wa mlima mmoja, athari ya lori kwa matatu lazima ilingane na athari ya matatu kwa lori. Zisipolingana, mlima wenyewe haupo. Bado unaweza kuandika jumla ya dakika na kuipunguza, hakuna anayekukataza. Ila jibu utakalopata ni la jiji ambalo kila dereva anafuata njia uliyompangia. Nionyeshe dereva mmoja wa matatu wa namna hiyo.

Wataalamu wa barabara walishalijua hili zamani. Mwaka 1952 Wardrop alieleza msawazo wa madereva: njia zote zinazotumika zinachukua muda sawa, na hakuna njia iliyoachwa ambayo ingekuwa ya haraka zaidi. Mwaka 1956 Beckmann na wenzake walionyesha kwamba kama muda wa kila barabara unategemea magari yake peke yake, msawazo huo unapatikana kwa kupunguza fomula moja maalum (na hiyo fomula si jumla ya dakika!). Barabara zikianza kuathiriana bila kulingana, kama pale kwenye makutano yetu, njia hiyo inafungwa. Ndipo Smith mwaka 1979 na Dafermos mwaka 1980 wakaliandika tatizo kama inekwaliti ya variesheno.

Jina linatisha, maana yake haitishi: tafuta mgawanyo wa magari ambao, kwa muda wa safari uliopo sasa, hakuna mgawanyo mwingine unaowezekana utakaokuwa nafuu zaidi. Humo hamna bonde la kufikia. Mna mahali ambapo kila mtu ametulia kwa sababu hana pa kukimbilia.

Mnataka kujua hasara ya kupuuza hili? Mwaka 1968 Braess alionyesha kwamba kuongeza barabara mpya kunaweza kurefusha safari ya kila mtu. Modeli ya kupunguza jumla haiwezi kuiona hatari hiyo hata siku moja, kwa sababu ndani yake barabara isiyosaidia huachwa tupu. Madereva wa kweli wataijaza. Yaani chombo chako ni kipofu kwa kosa lile lile ambalo jiji lingelipa pesa nyingi kuliepuka.

Sasa mbishi ananiambia: "Sawa, basi tutumie gradienti hivyo hivyo, kila upande uvute kwake." Tujaribu. Chukua namba mbili, x na y. Mwenye x anataka zao la x na y lipungue, mwenye y anataka liongezeke. Msawazo uko kwenye sifuri. Anza umbali wa 1 kutoka hapo, tumia hatua ya 0.1, rudia mara 1000. Utajikuta umbali wa karibu 145! Hukukaribia. Ulizunguka huku ukitupwa nje.

Mwaka 1976 Korpelevich alitoa dawa yake. Piga hatua ya kuchungulia, tazama mwelekeo wa huko mbele, kisha rudi ulipokuwa na upige hatua halisi kwa mwelekeo ulioona. Hatua ile ile ya 0.1, marudio yale yale 1000, unaishia umbali wa karibu 0.007. Gharama yake ni kukokotoa mwelekeo mara mbili badala ya moja.

Kuna na njia ya proksimali, iliyotokana na kazi ya Moreau ya miaka ya 1960, kisha Martinet mwaka 1970 na Rockafellar mwaka 1976. Kila hatua unatatua tatizo lako ukiwa umefungwa kamba mahali uliposimama, ili usiruke mbali. Kwenye mfano wetu, hata kwa hatua ya 10 umbali unagawanywa kwa takriban 10 kila mara. Ya Korpelevich ukiipa hatua ya 1 tu, inazunguka umbali ule ule milele. Lakini kila hatua ya proksimali ni tatizo dogo la kutatuliwa, na hilo lina bei. Kuijua bei hiyo ndiyo kazi tuliyosomea.

Dhamana za njia hizi nazo zina sharti. Kwa lugha ya mtaani, watu wakihamia njia fulani, kwa ujumla njia hiyo isizidi kuwa nafuu. Athari za upande mmoja zikiwa kali mno, sharti linaweza kuvunjika. Lipime kwanza, ndiyo uamini namba.

"Lakini chombo rahisi kinatosha." Kinatosha kwa nani? Kinatosha kwako wewe unayetaka grafu nzuri ya kuonyesha mkutanoni. Mama anayesubiri matatu saa kumi na mbili asubuhi hatosheki na grafu.

Kwa hiyo kabla ya kuita maktaba, jiulize swali moja: hapa anayeamua ni mmoja au ni wengi? Akiwa mmoja, shuka mlima wako kwa amani. Wakiwa wengi, tafuta msawazo. Na mwenye kubisha aandike ule mfano wa x na y, ni mistari kumi tu, auache uzunguke mara 1000. Tukutane kwenye 145.