Ukuta wa Bustani Tarime na Serengeti: Kina Huamuliwa na Udongo

Eti ukuta wa futi tatu hauhitaji msingi, panga tofali juu ya ardhi. Hapana. Udongo wa juu una mizizi na mboji, vitu vinavyooza, kisha udongo hubonyea. Ukuta mfupi nao huanguka, na watoto ndio wanaocheza kando yake.

Wengine wanasema futi mbili zinatosha popote. Hilo linakula pesa za watu wengi. Kwenye vilima vya Tarime udongo mwekundu hupitisha maji na haubadiliki sana kati ya masika na kiangazi. Kwa ukuta wa tofali la inchi 6 usiozidi futi 3, mtaro wa futi moja na nusu unatosha ukigusa ardhi ngumu, kisha zege la inchi 6.

Shuka sasa kwenye mbuga za wilaya ya Serengeti au bonde la Mto Mara. Huko kuna mfinyanzi mweusi: ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa zinazoingia mkono. Tena hauvimbi sawasawa. Penye bomba linalovuja unabaki na unyevu, penye mti mkubwa unakauka upesi. Msingi unainuliwa huku, unashushwa kule, na ukuta unapasuka. Futi mbili zinauacha msingi ndani ya tabaka hilohilo linalocheza. Chimba hadi ufikie moramu au mwamba. Ukipita futi 3 na bado ni mweusi, mimi ningeacha tofali nikapanda minyaa.

Nondo hazifuti upungufu huo. Zinasaidia zege lisikatike, hazizuii ardhi kuvimba.

Vipimo vya vitabu vya Uingereza navyo vinanukuliwa bila sababu yake. Kule wanachimba pia kukwepa maji yanayoganda ardhini. Tarime kuna baridi, lakini ardhi haigandi.

Kosa la mwisho ni mtaro kufuata mteremko. Ukiulaza hivyo, msingi unaweza kuteleza. Sakafu ya mtaro ikatwe ngazi, kila ngazi ipimwe kwa pima maji, na zege la juu lilalie la chini. Ukuta unaozuia udongo ni kazi nyingine kabisa, mwone mhandisi.

Kabla ya kununua tofali hata moja, chimba shimo la futi 3 pale ukuta utakapopita. Chukua udongo wa chini, ulowanishe, ufinyange donge, uanike juani. Likinywea na kupasuka, usikubali fundi akuanzishie kazi kwa futi mbili.