Gari ya umeme ikizeeka: Norway imejifunza nini, na kobalti ya Kongo inaelekea wapi?

Kwa mambo ya gari za umeme, Norway iko mbele ya inchi zingine. Mwaka wa 2024, karibu gari mpya 9 kwa 10 zilizouzwa kule zilikuwa za umeme tupu. Mwezi wa 9 mwaka huo, hesabu yake ilipita gari za esanse, ijapo za mazutu zilibakia nyingi zaidi. Kuko wenye kuendesha gari moja ya namna hiyo tangu miaka 8 ao 10. Wanaona nini leo?

Kwanza, mfuko unapumua. Hakuna kubadilisha mafuta ya moteri wala buji. Freni zinadumu, sababu moteri yenyewe inasaidia kupunguza mbio na kurudisha umeme kidogo ndani ya batri. Lakini gari ni nzito, basi pneu zinaisha mbio. Tena serikali ilisaidia sana: iliondoa TVA kwa gari hizo mwaka wa 2001.

Pili, batri. Wengi waliogopa kwamba itakufa mapema. Kwa kawaida haifi kwa ghafula. Inapoteza nguvu pole pole, mwaka kwa mwaka. Kampuni nyingi zinatoa garanti ya miaka 8 ao kilometre 160.000. Baridi kali inapunguza safari, lakini joto jingi ndilo linazeesha batri. Batri zenye hazina mfumo wa kuzipoza zinaumia zaidi.

Hapo ndipo Kongo inaguswa. Zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia inachimbwa hapa, Lualaba na Haut-Katanga. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025, bei ikiwa imeanguka, serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje. Tangu mwezi wa 10 ilileta kipimo: tani 96.600 kwa mwaka wa 2026.

Bei ikipanda, hazina ya taifa inapata. Lakini viwanda viko na njia ingine: batri ya chuma na fosfati, yenye haina kobalti hata kidogo. Iko bei ndogo, na inavumilia kushajiwa mara nyingi. Tena batri nzee inaweza kuvunjwa na kobalti yake kutumika upya. Basi kukaza bei kupita kiasi kunaweza kufukuza wanunuzi; kuilegeza ni kuuza mali bure.

Kungali jambo moja. Umeme wa Norway karibu wote unatoka ku maji. Bukavu pia inapata umeme wa maji ya Ruzizi, lakini delestaji haiishi. Mwenye gari wa Norway anachomeka waya jioni, analala. Mkaaji wa Bukavu anangojea saa ya umeme ili ashaji telefone. Kwa hiyo, swali la kuuliza viongozi si gari itafika siku gani. Ni hili: feza ya kobalti inajenga sentrali ngapi za umeme, mbele wanunuzi hawajahamia batri ingine?