Usiilaumu Sheria, Mlaumu Anayekufuatilia

Fungua karibu tovuti yoyote kubwa utakutana na kibao: kubali kuki (vijifaili ambavyo tovuti huhifadhi kwenye kifaa chako) kwanza. Wengi hukibonyeza huku wakizilaani sheria za Ulaya kwa kuleta urasimu hadi kwenye simu zao. Lawama hizo zimemwangukia asiye na kosa.

Agizo la Umoja wa Ulaya la 2002, lililorekebishwa 2009, halikutaka kila kinachohifadhiwa kwenye kifaa chako kiombewe ruhusa. Kuki inayokumbuka kwamba umeshaingia kwa nywila yako, au inayotunza bidhaa ulizoweka kikapuni, imesamehewa, kwa kuwa huduma uliyoitaka haiendi bila hiyo. Ruhusa inatakiwa kwa yasiyo ya lazima, hasa kuki zinazokuandama tovuti hadi tovuti ili wauza matangazo wajue unasoma nini, unanunua nini na unaumwa nini. Mwenye tovuti asiyetaka hayo hana haja ya kukusumbua. Aliyeweka kibao kile kakiweka kwa hiari yake.

Tena anajua kwamba ukiulizwa waziwazi utakataa. Ndiyo maana "Kubali yote" hung'aa, na njia ya kukataa ikazikwa ndani ya mipangilio. Oktoba 2019, katika kesi ya kampuni ya Planet49 ya Ujerumani, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki si ridhaa. Januari 2022 mamlaka ya Ufaransa, CNIL, ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook, kwa kufanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali.

Watasema matangazo ndiyo yanayolipia habari za bure. Sawa, lakini tangazo la mbolea laweza kukaa kando ya makala ya kilimo bila kumchunguza msomaji.

Afrika Mashariki nayo inahusika: Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na Tanzania ilitunga yake 2022. Wasimamizi wa sheria hizo wasihesabu vibao na kuridhika. Wakague kama kukataa ni mbofyo mmoja, na kama aliyekataa kweli ameachwa. Kampuni inayojitetea kwamba "mtumiaji alikubali" ionyeshe kwanza alipewa nafasi gani ya kukataa.