Mwovu Asiye na Shughuli

Katika michezo ya kuigiza ichezwayo mezani kwa dadu na karatasi, iliyopata umbo lake huko Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, kila mchezaji huvaa nafsi ya shujaa wake, naye msimulizi huwashika wote waliobaki: wenye maduka, walinzi wa lango, na yule mwovu. Kumshika mwovu ndiko kugumu.

Taabu huanza kwenye hotuba. Msimulizi ameitunga siku tatu. Mwovu asimama juu ya ngazi, aeleza njama zake zote mbele ya watu wenye panga mikononi. Mchezaji mmoja hangoji amalize: atupa dadu, mshale waruka. Msimulizi akitamka kwamba mshale umekosa, na mwovu ametoweka kwa mlango wa siri, meza nzima hunyamaza. Wachezaji wametambua kuwa dadu zao hazina kazi. Mara ya kwanza watavumilia. Mara ya tatu wataanza kutazama saa.

Kadhalika kuna hila zilizochakaa: mzee mwenye ramani kilabuni, au tajiri aajiriye mashujaa kumbe ndiye adui. Ukongwe wa hila si kosa. Kosa ni kutojua kwa nini tajiri huyo atumie fedha zake kuwaita watu wawezao kumwua.

Tracy Hickman aliiona kasoro hiyo akiwa mchezaji: pangoni alimkuta mfu anyonyaye damu, akajiuliza huyu anafanya nini humu. Yeye na mkewe Laura wakatunga Ravenloft, iliyochapishwa mwaka 1983. Ngome, ukungu, mpiga ramli: vyote vya sinema za zamani! Lakini Strahd, mwenye ngome, alimwua mdogo wake Sergei siku ya arusi kwa kumtamani bibi arusi, naye bibi arusi akajitupa kutoka ukutani. Mtu wa namna hiyo hakai chumbani kungoja kuuawa. Tena, kabla ya safari karata hupigwa, nazo ndizo zinazoamua mwovu anataka nini na silaha ya kumshinda imefichwa wapi. Hata msimulizi hajui mpaka zifunuliwe.

Asiye na karata aweza kuandika mstari mmoja tu: mwovu ahitaji nini juma hili. Akifa katikati ya hotuba, na afe. Watumishi wake wangali hai, na mmoja wao anazo funguo.