Miezi Kumi na Miwili ya Maskini

Huko Mkomani, kama kwingineko pwani, upasuaji unapoharibika neno la mwisho la jamaa huwa ni moja: majaaliwa. Twaiheshimu imani hiyo, kwa kuwa uzima na mauti vimo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini mkasi ulioachwa tumboni mwa mgonjwa umeachwa na mwanadamu, na mwanadamu hana budi kuulizwa.

Hatusemi haya kwa kuwachukia madaktari. Si kila asiyepona amekosewa. Sheria yamtaka mdai athibitishe kwamba daktari alishuka chini ya kiwango ambacho tabibu mwangalifu angekifuata, na kwamba madhara yametokana na kosa hilo wala si maradhi yenyewe. Hata hivyo, makosa hutokea hata penye mabingwa. Mwaka 2018, katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, mgonjwa asiyehitaji upasuaji alipasuliwa kichwa badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda ubongoni. Yaliyotokea Nairobi yaweza kutokea popote.

Sasa tuitazame sheria. Aliyejeruhiwa katika hospitali ya kibinafsi ana miaka 3 ya kufungua kesi ya uzembe. Aliyejeruhiwa katika hospitali ya Serikali, kwa mujibu wa Sura ya 39 ya Sheria za Kenya, ana miezi 12 tu. Na aliyetibiwa katika hospitali ya kaunti asithubutu kuupita mwaka huo akitumaini kwamba kaunti itahesabiwa mbali na Serikali. Twauliza: je, kidonda cha maskini hupona upesi mara tatu kuliko cha tajiri? Mwenye fedha huchagua hospitali. Asiye nazo huenda ya umma, na ndiye aliyekatiwa muda.

Fikirini mwaka huo huishaje kwa mtu wa kisiwani. Kwanza auguze jeraha. Kisha avuke hadi Mokowe, apande basi la Mombasa, amtafute daktari mwingine atakayekubali kumpima na kutoa ushahidi. Arudi akangojee faili. Na hata akishinda, sheria hairuhusu mali ya Serikali ipigwe mnada ili alipwe.

Kwa hiyo twawausia wasomaji wetu. Kwanza, ombeni nakala ya faili mapema, tena kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 chawapa haki hiyo, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21. Pili, pelekeni malalamiko. Sheria ya Afya ya 2017 yatambua haki ya kulalamika na kuchunguziwa. Baraza la Madaktari laweza kumwadhibu daktari, lakini msidanganyike: saa ya mahakama haisimami mkingojea uamuzi wake. Tatu, msiogope umbali wa Mahakama Kuu. Kwa sheria ya 2015 hakimu mkazi aweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 5, na hakimu mkuu hadi milioni 20.

Wako watakaosema kwamba mnyonge hawezi kushindana na Serikali. Na wawatazame wavuvi wa Lamu. Walipoharibiwa bahari yao kwa ujenzi wa bandari, waliungana wakaenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Hawakupewa kwa huruma, walidai.

Lakini mgonjwa hulala peke yake, hana chama wala chombo. Ndiyo maana twayasihi makanisa na misikiti iwe na watu wa kuwaandikia wagonjwa barua na kuwahesabia tarehe. Na Bunge twalitaka bila kumung'unya maneno: ifanyieni marekebisho Sura ya 39, ili aliyekatwa vibaya na mtumishi wa Serikali apewe muda ule ule anaopewa mwenzake. Katiba yasema kila mtu ni sawa mbele ya sheria. Usawa huo na ufike hadi kitandani mwa mgonjwa.