Mbio zilizokwama Michigan: Kosa halikuwa la mkimbiaji

Novemba 2, 2013, timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan ilisafiri hadi East Lansing kupambana na watani wake wa jadi, Michigan State. Ilirejea na kipigo cha 29-6 pamoja na takwimu ambayo haikuwahi kuandikwa katika historia yake ndefu: mara 29 ilijaribu kukimbia na mpira, na jumla ya mbio hizo zote ilikuwa hasara ya yadi 48.

Wiki moja baadaye, Novemba 9, katika uwanja wake wa nyumbani mjini Ann Arbor, wenye nafasi za watu zaidi ya 107,000, Michigan ilijaribu tena mara 36 dhidi ya Nebraska. Safari hii ilipoteza yadi 21 na kufungwa 17-13. Kilikuwa kipigo cha kwanza cha nyumbani tangu Kocha Brady Hoke akabidhiwe timu mwaka 2011.

Chuo hicho ndicho chenye ushindi mwingi kuliko vyote katika mchezo huo nchini Marekani, na sifa yake ilijengwa na timu zilizokuwa zikimsukuma mpinzani nyuma kwa nguvu. Swali lililotawala vinywa vya mashabiki lilikuwa moja: inawezekanaje timu ya namna hiyo ishindwe kupiga hata hatua moja mbele?

Kama ilivyo desturi katika michezo, lawama zilianzia kwa wale wanaoonekana zaidi. Mkimbiaji Fitzgerald Toussaint, ambaye mwaka 2011 alikimbia zaidi ya yadi 1,000, alidaiwa kuwa amekwisha baada ya kuvunjika mguu Novemba 2012. Naye kocha wa mashambulizi, Al Borges, alishutumiwa kwa kuchagua mbinu mbovu.

Hata hivyo, ukiitazama timu hiyo kwa utulivu, utabaini kwamba mkimbiaji alikuwa mtu wa mwisho katika mlolongo mrefu wa makosa, na kwamba ufa ulianza miaka mitatu kabla ya siku ile ya East Lansing.

Katika mchezo huu, timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Inaweza kuurusha mpira, au kumkabidhi mkimbiaji apenye katikati ya walinzi. Mbele yake hujipanga watu watano wenye miili mikubwa: mmoja wa kati, wawili wa ndani walio kandoni mwake, na wawili wa nje. Hao hawagusi sifa wala hawafungi, lakini wasipofungua njia, mkimbiaji hana pa kupita hata angekuwa na miguu ya swala.

Kwanza ni vyema takwimu zenyewe zieleweke. Katika ligi ya kulipwa ya NFL, kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akiangushwa kabla hajaurusha, yadi zilizopotea hukatwa kwenye hesabu ya kurusha. Katika michezo ya vyuo, yadi hizo hukatwa kwenye hesabu ya kukimbia. Kwotabeki wa Michigan, Devin Gardner, aliangushwa mara saba dhidi ya Michigan State, na mara saba nyingine dhidi ya Nebraska.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya hasara iliyoandikwa kwenye daftari la mbio haikutokana na mbio. Hilo haliwapi nafuu waliopanga timu, kwa sababu watu wale wale watano wanaopaswa kumfungulia njia mkimbiaji ndio wanaopaswa kumkinga kwotabeki. Hesabu mbili zilikuwa zinasimulia ugonjwa mmoja.

Ajabu ni kwamba wawili kati ya watano hao walikuwa miongoni mwa wachezaji bora nchini. Taylor Lewan, aliyecheza nje upande wa kushoto, alichaguliwa wa 11 katika usajili wa NFL mwaka 2014. Michael Schofield wa upande wa kulia alichukuliwa katika awamu ya tatu na Denver Broncos, na miaka miwili baadaye alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa ligi hiyo.

Tatizo lilikuwa baina yao. Wachezaji watatu wa katikati walioanza msimu huo hawakuwa wamewahi kuanza hata mechi moja ya chuo. Baada ya wiki chache walianza kubadilishwa, huyu akitolewa na yule akihamishwa nafasi, mpaka mmoja wa walioingizwa akawa kijana wa mwaka wa kwanza aliyetoka shule ya sekondari miezi michache tu kabla.

Kazi ya safu ya mbele haijifunzwi kwa siku moja. Kijana wa miaka 18 huhitaji misimu miwili au mitatu ili mwili wake ukomae na macho yake yazoee hila za walinzi. Zaidi ya hapo, watano hao wanatakiwa kutenda kama mtu mmoja: wawili wakimsukuma mlinzi wa kwanza, mmoja wao lazima ajue ni lini amwachie mwenzake na kumkabili mlinzi wa pili. Anayechelewa kwa kupepesa jicho anamwangamiza mkimbiaji.

Walikuwa wapi basi wachezaji waliokomaa? Hapo ndipo kiini cha jambo hili kilipo. Katika kundi la vijana waliosajiliwa mwaka 2010, chini ya Kocha Rich Rodriguez, kulikuwa na mmoja tu wa safu ya mbele, naye hakudumu katika timu. Rodriguez alifukuzwa Januari 2011 baada ya misimu mitatu ya ushindi 15 na vipigo 22, na Hoke aliyemrithi alikuwa na wiki chache tu za kuokota vijana waliosalia.

Wale ambao mwaka 2013 wangekuwa katika mwaka wao wa nne wa masomo, umri unaofaa kabisa kwa kazi hiyo, hawakuwapo. Rika zima lilikosekana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na Michigan ililazimika kujenga ukuta wake mbele ya macho ya nchi nzima, kwa matofali ambayo hayajakauka.

Pengo hilo halikuonekana mapema kwa sababu lilifunikwa na mtu mmoja. Denard Robinson, kwotabeki mwenye kasi ya ajabu, alikimbia yadi 1,702 mwaka 2010 na nyingine 1,176 mwaka 2011. Mwaka huo wa pili, akiwa na David Molk, mchezaji wa kati aliyetunukiwa tuzo ya kitaifa ya nafasi hiyo, Michigan ilishinda mechi 11 kati ya 13. Wengi waliamini kwamba ukoo umerejea kwenye enzi yake.

Ukweli ni kwamba kwotabeki anayekimbia hubadili hesabu ya uwanja. Mlinzi mmoja hulazimika kumtazama yeye, na hivyo walinzi wanaobaki hawazidi idadi ya wale wanaowazuia. Kwotabeki anapokabidhi mpira na kubaki akitazama, mlinzi huyo huwa huru kumfuata mkimbiaji. Robinson alipomaliza masomo, Michigan ilipoteza mbio zake na pia hesabu hiyo.

Aidha, timu ilikuwa katikati ya mbinu mbili zisizopatana. Rodriguez alitaka wachezaji wepesi wa safu ya mbele, wanaoteleza kwa pamoja upande mmoja na kumwachia mkimbiaji achague mwanya. Hoke alitaka watu wazito, na mmoja wa wale wa ndani akitoka nafasi yake kwenda kumsagasaga mlinzi wa upande wa pili. Kila mbinu ina heshima yake, lakini mwaka 2013 Michigan ilijaribu nyingi bila kubobea katika yoyote.

Mfano mzuri ni mechi dhidi ya Penn State, Oktoba 12 mwaka huo. Makocha waliamua kumweka Lewan na Schofield upande mmoja mara nyingi, wakitumaini kwamba nguvu za wawili hao zingetosha. Walinzi wa Penn State waliona wazi mpira unakoelekea na wakajazana huko. Toussaint alikimbia mara 27 na kupata yadi 27, na Michigan ikafungwa 43-40 baada ya vipindi vinne vya nyongeza.

Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba wapinzani hawakuwa wa kubezwa. Michigan State ya mwaka 2013 ilishinda mechi 13 na kupoteza moja, ikamaliza msimu kwa kutwaa Rose Bowl dhidi ya Stanford. Walinzi wake walipenda kushambulia kwa kasi kupitia katikati, mahali pale pale ambapo Michigan ilikuwa na vijana wasiojua nani amkabe nani. Mwizi hupita palipo na dirisha bovu.

Aliyelipa gharama ya yote hayo ni nani? Kwa mwili wake, alikuwa Gardner. Novemba 30 alicheza dhidi ya Ohio State akiwa ameumia mguu, akarusha yadi 451, na timu yake ikapungukiwa na pointi moja tu, 42-41. Hakuweza kucheza mechi ya mwisho ya msimu. Wakati huo sheria za michezo ya vyuo hazikumruhusu mwanafunzi kulipwa kwa jasho hilo zaidi ya gharama za masomo na matunzo, ilhali waliompanga walikuwa na mikataba ya mamilioni.

Borges alifutwa kazi Januari 2014, na Hoke akamfuata Desemba mwaka huo baada ya msimu wa ushindi tano na vipigo saba. Hivyo kocha mmoja aliondoka akiwa ameacha pengo, na wa pili akaondoka akiwa amelirithi. Nao vijana wa safu ya mbele waliochekwa mwaka 2013 waliendelea kukomaa, wakamsubiri kocha wa tatu.

Ushahidi kwamba dawa ilikuwa kwenye safu ya mbele ulikuja baadaye. Chini ya Jim Harbaugh, safu hiyo ilitwaa tuzo ya Joe Moore, inayotolewa kwa safu bora ya mbele nchini, mwaka 2021 na tena mwaka 2022. Kisha Novemba 11, 2023, miaka kumi na siku mbili baada ya aibu ya Nebraska, Michigan iliikabili Penn State ugenini na kumaliza mechi kwa mashambulizi 32 mfululizo ya kukimbia. Walinzi walijua kinachokuja kila mara, lakini hawakuweza kukizuia. Michigan ilishinda 24-15.

Januari 8, 2024, mjini Houston, timu hiyo ilikimbia yadi 303 dhidi ya Washington na kutwaa ubingwa wa taifa kwa 34-13. Blake Corum na Donovan Edwards, wakimbiaji waliosifiwa usiku ule, walikuwa hodari kweli. Lakini mara kadhaa walifika kwenye uwazi mkubwa bila kuguswa na mtu.

Ikumbukwe pia kwamba mazingira yamebadilika. Mwaka 2013 mchezaji aliyehama chuo kwa kawaida alikaa nje msimu mzima. Tangu mwaka 2021 sheria hiyo imelegezwa, na Michigan ilifaidika: Olusegun Oluwatimi, aliyetoka Virginia, alikuja kuwa mchezaji bora wa kati nchini mwaka 2022. Kuanzia Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Pengo la rika moja sasa linaweza kuzibwa kwa fedha katika majira moja ya usajili.

Hata hivyo, mlango unaowaingiza wageni ndio huo huo unaowatoa wenyeji. Fedha zinaweza kununua mtu mkubwa na mwenye nguvu, lakini haziwezi kununua miezi ambayo watu watano huitumia kuzoeana bega kwa bega hadi kila mmoja ajue hatua ya mwenzake bila kugeuka. Chuo kinachobadilisha wote watano kila mwaka kinaweza kujikuta mahali ilipokuwa Michigan mwaka 2013, ingawa kwa gharama kubwa zaidi.

Mbio zinapokwama, macho ya wengi humtafuta aliyeshika mpira. Katika kisa cha Michigan, aliyeshika mpira hakuwa hata na nafasi ya kukosea. Alipoangushwa nyuma ya mstari siku ile ya East Lansing, jibu la kwa nini lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya usajili ya mwaka 2010, katika nafasi ambazo hazikujazwa.